Mama mkwe hataki kifaa cha usikivu wala fremu ya kutembelea: tumfanyeje?

SWALI

Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, nimeolewa Bursa, Uturuki. Mama mkwe wangu ana miaka 78, ni mjane, anakaa peke yake ghorofa ya chini ya jengo letu. Mwaka jana alipata kifaa cha usikivu, akakivaa siku chache, kisha kikaingia kabatini. Tena ana goti bovu. Baadaye alianguka bafuni, akapewa fremu ya kutembelea, na sasa tunaitundikia makoti. Mume wangu anasema ni ukaidi wa uzee. Anataka kumnunulia saa inayotambua mtu akianguka, tena afunge kamera sebuleni kwake. Wifi yangu aliyeko Ujerumani anataka kutuma kifaa kingine cha usikivu, anasema cha huko ni bora. Daktari naye ametutisha kwamba asipovaa atapoteza kumbukumbu. Cha ajabu, simu anaitumia vizuri: kila usiku anaongea kwa video na wajukuu walioko Ujerumani. Mimi ni mkaza mwana tu, sina sauti kubwa hapa, lakini ndiye ninayeshinda naye. Nianzie wapi?

JIBU

Marahaba, dada. Nianze na lile neno la mumeo, maana ndilo linalofunga njia nyingine zote. Mzee akikataa kifaa kabla ya kukigusa, mwite mkaidi ukipenda. Mama yenu hakufanya hivyo. Alikivaa, akakaa nacho siku kadhaa, akaona kinamtesa, akakivua. Fremu nayo hivyo hivyo. Huyo amejaribu na amewapa majibu, ila hakuna aliyemuuliza amejibu nini.

Wala hayuko peke yake. Mwaka 1993 watafiti wawili wa Marekani, Phillips na Zhao, walichapisha uchunguzi wao juu ya watu waliopewa vifaa saidizi, na wakakuta asilimia 29.3 ya vifaa vimeachwa. Sababu walizozitaja zilikuwa nne: mtumiaji hakuulizwa anataka nini, kifaa hakifanyi kazi vizuri, hali ya mtumiaji imebadilika, na ya nne ambayo huwashangaza wengi, kwamba kifaa kilipatikana kwa urahisi mno. Urahisi kwa maana ya kukabidhiwa dukani na kuondoka nacho, bila mtu kufika nyumbani kuona kitatumikaje.

Hapo ndipo naiona Uturuki. Nilisoma na kufanya kazi Ankara, na sisemi kwamba wazee wa huko wamenyimwa vifaa. Shirika la bima ya jamii, SGK, lililoundwa mwaka 2006 kwa kuunganisha mifuko mitatu ya zamani, lina orodha rasmi ya vifaa linavyolipia: fimbo, magongo, fremu, viti mwendo, vifaa vya usikivu. Kwa vifaa vya aina ya fimbo na fremu, mstaafu huchangia asilimia 10 ya bei na aliye kazini asilimia 20. Kwa kifaa cha usikivu shirika hulipa hadi kiwango fulani, kinachozidi unatoa mfukoni, na mtu mzima hupata kingine baada ya miaka 5. Daktari, ripoti, duka lenye mkataba: njia hiyo inafanya kazi, na kwa nchi nyingi ingekuwa neema. Lakini mara nyingi inaishia kwenye mlango wa duka. Kutoka hapo hadi bafuni kwa mama yenu hakuna mtu.

Na kina mama kama yeye ni wengi. Mwaka 2024 Waturuki wenye miaka 65 na zaidi walifika milioni 9.1, asilimia 10.6 ya watu wote. Wanaoishi peke yao wanazidi milioni 1.6, na karibu robo tatu yao ni wanawake. Mama mkwe wako yumo katika hesabu hiyo ingawa mnaishi jengo moja, kwa kuwa kaya yake ni yake. Nadhani hilo linamuuma zaidi ya goti. Kwa watu wa rika lake, fimbo ya mzee ni mtoto wake. Akitoka barabarani na fremu ya chuma anahofia majirani watasema: mwana yupo juu, mama anakokota vyuma. Sidai kwamba ndivyo kila Mturuki anavyofikiri, ila nimeikuta fikra hiyo katika nyumba nyingi mno kuipuuza.

Sasa hiyo simu uliyoitaja. Mtu mwenye ukaidi na teknolojia hapigi simu za video kila usiku. Idara ya takwimu ya Uturuki, TÜİK, inaonyesha kwamba mwaka 2018 waliotumia intaneti kati ya wenye miaka 65 hadi 74 walikuwa asilimia 17. Mwaka 2023 walikuwa wamepita asilimia 40. Katikati hapo ilipita korona: tarehe 21 Machi 2020 serikali iliwazuia kutoka nje wote wenye miaka 65 na zaidi, na wajukuu wakahamia kwenye kioo cha simu. Wengi walifundishwa na mjukuu, au walijifunza wenyewe kwa kubofya na kukosea. Wazee wa huko wana hamu ya kujifunza, tena kubwa. Chuo Kikuu cha Akdeniz, Antalya, kilianzisha mwaka 2016 masomo maalumu kwa wenye miaka 60 na kuendelea, wanakaa darasani na madaftari yao kama wanafunzi wengine. Simu ilipokelewa kwa sababu ilimletea mama watu. Kifaa chochote mtakachompa kitapimwa kwa kipimo hicho hicho: kinaniletea watu au kinanitenga nao?

Tuje kwenye sikio. Usikivu wa uzeeni haupotei wote kwa pamoja. Zinatangulia sauti nyembamba za juu, s, f, t, k na jamaa zake, irabu zinabaki. Kwa hiyo mama anasikia kabisa kwamba mtu anazungumza, ila maneno yanamfikia yamemeguka. Akikwambia "nasikia, nyinyi ndio mnamumunya," anasema kweli kwa upande wake. Kituruki nacho hubandika mengi mwishoni mwa neno, na mwishoni ndipo wasemaji wengi hushusha sauti. Ukipaza sauti unamwongezea irabu, ambazo hakuzikosa, na unamwonyesha uso wa mtu anayegomba.

Hapa nikwambie jambo ambalo huenda hujaambiwa: kati ya sauti zote za nyumba ile, yako inaweza kuwa ngumu kuliko zote. Si kwa ubaya. Mtu aliyepungukiwa usikivu huziba mapengo kwa kubahatisha, na hubahatisha vizuri anapoijua lafudhi tangu utotoni. Lafudhi yako ya Tanga inamvunjia mahesabu. Akikujibu kisicho au akigeukia televisheni, usione umedharauliwa. Kaa mbele yake, mwanga ukuangukie usoni wewe, usimwongeleshe ukiwa jikoni na yeye yuko sebuleni, na asipokuelewa badilisha maneno badala ya kurudia yale yale. Utaona tofauti kabla hata kifaa hakijatoka kabatini.

Kifaa chenyewe sasa. Miwani ukivaa unaona hapo hapo. Kifaa cha usikivu kinataka ubongo uzoee upya sauti ambazo umezisahau, na hiyo huchukua majuma, wakati mwingine miezi. Siku za kwanza kijiko kwenye gilasi kinalia kama kengele, maji ya bomba yanaunguruma, na sauti yake mwenyewe inamshtua. Asipoandaliwa kwa hilo atasema kimeharibika. Nina hakika karibu kamili kwamba siku ya pili au ya tatu alikwenda nacho kwenye *gün*, ile mikutano ya kina mama wanaozungukiana nyumba kwa nyumba, chai na keki na mchango wa dhahabu au fedha. Wanawake kumi wanaongea kwa mpigo, sahani zinagongana, watoto wanakimbia. Hakuna mtihani mgumu kuliko huo kwa kifaa chochote, hata cha bei ya gari. Hapo pawe mahali pa mwisho kupeleka kifaa.

Na kuna mtandio. Umeniandikia habari nyingi lakini hukusema kama mama anajifunga kichwa. Kwa rika lake na mji wake nitachukulia ndiyo. Kipaza sauti (maikrofoni inayonasa sauti) cha kifaa kinachokaa nyuma ya sikio kiko juu, pale pale kitambaa kinapopita. Kitambaa kikisugua, yeye anasikia makwaruzo kila anapogeuza shingo. Kikibana, sauti inarudi ndani na kifaa kinapiga filimbi, na filimbi hiyo huwa wanaisikia waliokaa naye kabla yake. Pengine dukani kilipimwa akiwa amejifungua, kikafanya kazi vizuri, halafu akajifunga na kutoka. Kwa hiyo mrudisheni kwenye kituo cha vifaa vya usikivu na vitambaa vyake viwili, kile cha pamba cha nyumbani na kile cha kutokea, na mtaalamu akipime akiwa amejifunga kila kimoja. Mwombeni aangalie kama kipande kinachoingia sikioni kimemkaa sawasawa, kwa kuwa kikilegea filimbi haiishi. Kama bado, kuna aina ambazo kipaza sauti chake hukaa ndani ya sikio, ingawa hazimfai kila mtu. Inategemea kiasi cha usikivu uliopotea na upana wa tundu la sikio.

Kabla ya safari hiyo fanya jambo dogo: weka betri mpya. Zile za duara zenye kibandiko huanza kuisha mara kibandiko kinapotolewa, na hudumu wiki moja au mbili. Kifaa kilichokaa kabatini betri yake imekufa, na nimeona familia zikigombana mwezi mzima juu ya kifaa kisicho na betri. Angalia pia nta, kwenye kifaa na sikioni. Na mtazame vidole anapobadilisha betri. Kama ana baridi yabisi na betri inamponyoka, hilo peke yake linatosha kumfanya akiache, naye hatasema kwa aibu. Kifaa cha kuchaji kwa kukilaza kwenye kisanduku chake kingemfaa zaidi.

Ratiba ninayoipendekeza ni hii: wiki ya kwanza avae nyumbani tu, saa chache asubuhi, akiwa na mtu mmoja. Kisha aongeze taarifa ya habari ya televisheni. Kisha watu wawili mezani. Na jioni, simu ya wajukuu. Vifaa vingi vya siku hizi huunganishwa na simu moja kwa moja na sauti ikaingia sikioni bila kupita hewani; ulizeni kama chake kina uwezo huo. Kama kinao, hicho ndicho chambo chenu. Atakivaa kwa ajili ya mjukuu muda mrefu kabla hajakivaa kwa ajili ya daktari.

Ikitokea sikio moja limeziba ghafla, ndani ya saa chache au siku moja, hiyo si habari ya uzee. Mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo.

Fremu. Niambie, mama akiwa na fremu anabeba vipi chai? Nauliza kwa sababu nadhani jibu la makoti liko hapo. Fremu inataka mikono yote miwili. Mwanamke huyu tangu alipoolewa amepokea wageni kwa mikono yake: birika lile la ghorofa mbili, vigilasi vyembamba visivyo na mshikio, trei, sukari. Mgeni akibisha na yeye ameshika vyuma, atakuwa mwenyeji wa namna gani? Ataiacha fremu mlangoni, atashika ukuta na meza hadi jikoni, na huko atainua maji yanayochemka. Kwa hiyo fremu waliyompa ili asianguke imemfanya achague kati ya usalama na heshima, akachagua heshima. Mimi pia ningechagua hivyo.

Suluhisho si kumhubiria. Mnunulieni birika la umeme la chai, lile linalokaa mezani halinyanyuliwi likiwa limejaa, na meza ya magurudumu ya kuhudumia yenye breki, imara, si ile nyepesi ya kupendezesha. Jikoni kwenda sebuleni asukume meza hiyo na vyombo vyake. Haifanyi kazi yote ya fremu, na mtu anayeyumba sana asiitegemee, lakini mtaalamu wa viungo anaweza kumwangalia akiitembeza na kusema. Kwenye fremu yenyewe kuna trei ya kubandika na mfuko wa kutundika mbele, wa simu na miwani.

Kisha ipimeni. Asimame wima na viatu vya ndani, mikono ining'inie; mshikio uwe usawa wa mkunjo wa kifundo cha mkono. Nyingi nilizoziona ziko juu mno, kwa kuwa hutoka dukani hivyo na hakuna anayezigusa. Pimeni na upana wa mlango wa bafu. Katika majengo ya zamani milango ya bafu ni myembamba, na fremu ambayo haiingii bafuni haimsaidii mtu aliyeanguka bafuni. Mazulia madogo yenye nyuzi pembeni yaondoke njiani. Najua ni mazulia ya mahari, yatandikwe chumba cha wageni. Ndara zilizo wazi kisigino nazo ziondoke, awe na viatu vya ndani vinavyoshika nyuma na soli isiyoteleza. Na kwa kuwa viatu vya nje huvuliwa mlangoni, wekeni hapo kiti kigumu na kijiko kirefu cha kuvalia viatu. Kuinama ukisimama kwa mguu mmoja mlangoni ndiko kunakowaangusha wengi wanapotoka.

Nje ni habari nyingine. Mitaa ya Bursa inayopanda kuelekea mlima Uludağ haitaki fremu ya kawaida. Kwa barabara fimbo inaweza kutosha, ikishikwa mkono ulio upande wa pili wa goti bovu. Watu wengi hushika upande wa goti lenyewe, na hapo nusu ya faida imepotea. Fimbo nzuri ya mbao, ya kuchongwa, haimtii mtu haya mbele ya watu. Mwacheni achague mwenyewe.

Bafu na choo ndipo hatari ilipo. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu 684,000 hufa kila mwaka duniani kwa kuanguka, na wenye miaka zaidi ya 60 ndio wanaokufa zaidi. Kama kwake kuna choo cha kuchuchumaa, goti lake haliwezi tena kukitumia, na kama vipo viwili atumie cha kukaa tu. Lakini angalieni kitu ambacho wauzaji hawakisemi. Vyoo vya kukaa vya Uturuki vina kijibomba cha kutawazia ndani ya bakuli, kwa nyuma. Mkiweka kiti cha kuinua, yaani cha kuongezea choo kimo, yule mzee anakaa juu zaidi na maji hayamfikii inavyotakiwa. Mtu anayetaka twahara kwa ajili ya swala tano hatavumilia hilo hata siku moja. Atakitoa na kukificha. Fungeni bomba la mkono la kunyunyizia pembeni mwa choo, kama yale ya kwetu Pwani, ndipo muweke kiti cha kuinua. Ukutani weka vyuma vya kushikilia vilivyopigiliwa na fundi. Vile vya kunatisha kwa mpira mimi sivitaki, huachia bila kuaga.

Udhu: usimwache ainue mguu kwenye sinki. Kiti kigumu bafuni, beseni au bomba la mkono, miguu ioshwe amekaa. Swala: kama hawezi kukaa chini na kuinuka, aswali kitini, kiti cha miguu minne kisicho na magurudumu. Idara ya dini ya Uturuki, Diyanet, hupendelea anayeweza kukaa sakafuni akae sakafuni, na humruhusu asiyeweza atumie kiti. Akisita, apige simu 190, ambayo ni namba yao ya maswali ya dini, ajibiwe yeye mwenyewe. Jibu la mufti litamtuliza kuliko la mtoto wake, sembuse la mkwe.

Kuhusu kumbukumbu, daktari wenu hakudanganya ila amefupisha mno. Upungufu wa usikivu umo katika orodha ya mambo yanayohusishwa na ugonjwa wa kusahau. Jaribio kubwa la Marekani lililochapishwa mwaka 2023, watu 977 wa miaka 70 hadi 84 kwa miaka 3, halikuona tofauti kwa kundi lote waliopewa vifaa. Kwa wale waliokuwa na hatari kubwa zaidi tangu mwanzo, kasi ya akili kudhoofika ilipungua kwa asilimia 48. Hiyo ni habari njema ya kumpa moyo, haitoshi kuwa fimbo ya kumchapia. Msimtishe tena kwa hilo. Ila kama kweli ameanza kusahau, au analia lia, au amepungua kilo, mpelekeni achunguzwe, na macho pia yaangaliwe kama kuna mtoto wa jicho. Miadi ya hospitali za umma mnaipata kwa simu 182. Siku hiyo hiyo ombeni na daktari wa tiba ya viungo na utengamao, kwa ajili ya hiyo fremu.

Kamera, hapana. Sioni haja ya kupinda maneno. Mwanamke anayejifunga kichwa ana sehemu moja duniani ambako anakaa kichwa wazi, nayo ni nyumbani kwake. Ukimwekea kamera sebuleni, umemlazimisha ajifunge tangu asubuhi hadi usiku, hata kama anayetazama ni mwanawe wa kumzaa, kwa sababu hajui nani mwingine ameshika ile simu. Tena alianguka bafuni, ambako hakuna kati yenu atakayeweka kamera.

Saa ni nzuri kwa baadhi ya wazee. Kwake naona kasoro mbili. Ataivua kila anapotawadha ili maji yafike, na kila anapooga. Yaani itakuwa mezani pale hasa inapohitajika. Na ikipiga simu ya dharura, sauti itakayomjibu hataisikia vizuri. Kitufe cha kuvaa shingoni, kisichoingia maji, kinakaa chini ya nguo na hakizuii udhu. Baadhi ya manispaa huwa na mipango ya vitufe vya dharura kwa wazee wanaoishi peke yao, ulizeni ya kwenu. Lakini nyinyi mko ghorofa ya juu. Kengele ya mlango isiyo na waya, kitufe chake kimoja kikiwa bafuni karibu na sakafu, mtu aliyelala chini akifikie, na kingine kando ya kitanda, kengele ikilia kwenu, ni bei ndogo na haihitaji mtandao wala kuchajiwa kila usiku. Ongezeni taa ndogo inayowaka yenyewe mtu akipita, kutoka kitandani hadi chooni. Jaribuni kengele mara kwa mara, betri huisha kimya kimya. Na 112 iandikwe kwa tarakimu kubwa kando ya simu.

Umesema huna sauti. Unayo, ila si ya kuamrisha. Mkae wawili, mwombe: "Anne (yaani mama, kwa Kituruki), nionyeshe kinavyokusumbua." Kisha unyamaze, umwache akivae na kukivua, akutembeze na fremu hadi jikoni. Andika anachosema. Karatasi hiyo mumeo aende nayo kituoni pamoja na mama yake, yeye mwenyewe, asikutume wewe. Mwana akimpeleka mama kurekebishiwa kifaa, mtaa mzima utaona kwamba hakumtupia vyuma akamwacha. Na mtafuteni jirani mmoja wa rika lake anayevaa kifaa cha usikivu na asiyeona haya. Mmoja tu. Mwalikeni chai bila kutaja sababu, mambo mengine yatazungumzwa na wao wenyewe.

Mwisho, wifi yako. Tangu mkataba wa Oktoba 1961, ule wa Ujerumani kuajiri wafanyakazi kutoka Uturuki, Waturuki wa Ujerumani wamekuwa wakirudi na mizigo ya kila namna, na nia yake naiheshimu, lakini asitume kifaa. Cha usikivu hupangwa kwa vipimo vya sikio la mtu aliyekaa mbele ya mtaalamu, na hurekebishwa kwa programu ya mtengenezaji. Vingine hufungwa visiguswe na duka jingine, na dhamana yake itabaki huko. Kikipiga filimbi Bursa mtampelekea nani? Fedha hiyo ilipie kipande cha sikio kilichochongwa upya, meza ya magurudumu na fundi wa vyuma vya bafuni. Na ile simu ya wajukuu aisogeze mapema, kabla mama hajachoka, awaambie watoto waongee mmoja mmoja, nyuso zao zikiwa kwenye mwanga, televisheni ya pande zote mbili ikiwa imezimwa.